Boriti iliyomkosa Flitcraft

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msomaji wa riwaya za upelelezi tangu enzi za Willy Gamba. Juzi nimemaliza The Maltese Falcon ya Dashiell Hammett, halafu nikasoma mahali kwamba mwandishi huyo alifungwa jela kwao Marekani wakati wa msako wa wakomunisti. Kitabuni sikuona siasa hata chembe. Je, kuna uhusiano wowote kati ya riwaya na hiyo jela, au ni mambo mawili tu yaliyompata mtu mmoja? Na kile kisa cha bwana aliyekoswakoswa na chuma kimewekwa cha nini? Hakihusiani na kesi hata kidogo, lakini ndicho kilichonibaki kichwani."

Marahaba. Hicho kilichokubaki kichwani ndicho mlango wenyewe, basi tuingilie hapo.

Kwa wasiokisoma kitabu: Sam Spade, mpelelezi wa kujitegemea wa San Francisco, amekaa nyumbani kwake na mteja wake, Brigid O'Shaughnessy. Wanamsubiri mtu, muda hauendi. Ghafla, bila utangulizi, Spade anaanza kumsimulia habari za bwana mmoja aitwaye Flitcraft, dalali wa nyumba na viwanja katika mji wa Tacoma. Mwaka 1922 Flitcraft alitoka ofisini kwenda kula chakula cha mchana, asirudi tena. Hakuwa na deni, hakuwa na hawara, biashara ilikuwa inalipa, nyumbani alikuwa na mke na watoto wawili wa kiume, na jioni ileile alikuwa na miadi ya kucheza gofu. Alitoweka tu. Miaka mitano baadaye Spade anamkuta Spokane, jimbo lilelile, na Flitcraft anamweleza yaliyomkuta. Alikuwa anapita chini ya jengo linalojengwa, bado mifupa mitupu. Boriti ikachomoka huko juu, ghorofa ya nane au ya kumi, ikatua kwa kishindo pembeni yake. Haikumgusa. Kipande cha sakafu ya njia ya miguu ndicho kilichoruka kikamchana shavu, kikaacha kovu. Spade anasema jamaa alipokuwa akisimulia alikuwa analipapasa lile kovu kwa kidole, tena kwa mapenzi.

Alishtuka zaidi ya alivyoogopa. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba mtu akienda sawa na dunia, dunia nayo inakwenda sawa naye. Boriti ikamwonyesha kwamba aliye hai yu hai kwa sababu hakuna kilichomdondokea bado. Akaona yeye ndiye aliyekuwa nje ya mstari, si dunia, akaondoka zake mchana uleule kwenda kuishi kwa kubahatisha. Alizurura miaka miwili. Halafu, na hapa ndipo Spade anapopapenda, akatua Spokane, akaoa mwanamke anayefanana na yule wa kwanza kwa tabia, akazaa, akafungua biashara ya magari, na jioni akawa anacheza gofu. Alikuwa amejizoeza na boriti zinazoanguka. Zilipoacha kuanguka, akajizoeza na kutoanguka kwake.

Sasa tusimame kidogo kwenye neno letu wenyewe. Katika Kiswahili cha zamani, ajali ni siku yako iliyoandikwa, saa ya kufa isiyosogea mbele wala nyuma. Ndiyo maana wahenga walisema ajali haina kinga. Hawakuwa wanazungumzia mikanda ya gari. Kiswahili cha leo kimelishusha neno hilo hadi kwenye basi lililopinduka Kitonga, yaani tukio lisilopangwa na mtu. Neno moja limebeba mawazo mawili yanayopingana: lililoandikwa na lisiloandikwa. Flitcraft ni mtu aliyetoka kwenye ajali ya wazee akaingia kwenye ajali ya trafiki, katika sekunde moja, pale njiani.

Hammett hakuwa wa kwanza kwao kuandika hivi. Mwaka 1897 Stephen Crane alizama na meli karibu na pwani ya Florida, akaokoka kwa mtumbwi mdogo pamoja na wenzake watatu, kisha akaandika hadithi fupi, The Open Boat, ambamo anayekufa ufukweni ni yule mwenye nguvu kuliko wote. Mtu anayeteseka baharini, anasema Crane, hutamani kulirushia matofali hekalu la maumbile, akakuta kuna ubaya zaidi: hakuna matofali wala hekalu. Jack London naye alimgandisha mtu kwenye theluji ya Yukon na kumwacha mbwa aende zake kutafuta moto kwingine. Kwa waandishi hao hofu kubwa ilikuwa hii, kwamba hakuna anayekuchukia. Bahari haikujui jina.

Hayo ndiyo maana ya kisa cha boriti. Lakini ukiishia hapo hutaiona jela. Ruka hadi karibu na mwisho, usiku ule wote wamekusanyika sebuleni kwa Spade: Gutman mnene, Cairo na Brigid, wanaoisaka sanamu ya thamani ya ndege wa Malta, na Wilmer, kijana wa bastola wa Gutman. Kuna maiti tatu mjini na polisi wanataka mtu. Spade anaweka hoja mezani kama anayejadili bei ya samaki: lazima tuwape mtu mmoja wa kutolewa kafara, awe amefanya au hajafanya yote, la sivyo hatutoki salama. Anamtaja Wilmer. Gutman anashtuka, anasema kijana yule kwake ni kama mwanawe wa kumzaa. Wanazungusha majina. Mbona tusimtoe Cairo? Mbona tusimtoe Brigid? Kila mmoja anageuka kumtazama mwenzake. Mwishowe Gutman anamwambia Wilmer kwa upole kabisa kwamba anampenda, lakini mtoto akipotea huweza kupatikana mwingine, na ndege wa Malta ni mmoja tu.

(Nakala yangu ya kwanza niliinunua kwa wauza vitabu chakavu pale Posta, ikiwa imeng'oka kurasa za mwisho. Miaka miwili nilikaa bila kujua kwamba ndege mwenyewe ni wa risasi, wa bandia, na kwamba Wilmer alitoroka akaenda kummiminia Gutman risasi za aina nyingine.)

Riwaya hiyo ilianza kutoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1929 na ikawa kitabu mwaka 1930. Miaka 21 baadaye mwandishi alikalishwa kwenye chumba chenye hoja ileile mezani. Sidai kwamba alitabiri. Alikuwa amefanya kazi kwa Pinkerton, kampuni ya wapelelezi iliyokodiwa na wenye viwanda na migodi kuwachunguza wafanyakazi wao na kuvunja migomo. Alijua tangu ujana jinsi jina la mtu linavyoandikwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo inavyokwenda kumfukuzisha kazi bila yeye kujua iliandikwa lini.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1940 Marekani ilipitisha Sheria ya Smith, iliyofanya kuwa kosa kuhubiri kuangushwa kwa serikali kwa nguvu. Mwaka 1949 viongozi 11 wa Chama cha Kikomunisti walihukumiwa New York kwa sheria hiyo, na tarehe 4 Juni 1951 Mahakama Kuu ya nchi ikaikubali hukumu kwa kura 6 dhidi ya 2. Siku ya kuripoti ili waanze kifungo, wanne hawakuonekana. Walikuwa nje kwa dhamana iliyolipwa na mfuko wa Civil Rights Congress, shirika la kutetea haki za raia, na mwenyekiti wa wadhamini wa mfuko huo alikuwa Dashiell Hammett. Serikali ikasema: waliochanga fedha huenda ndio wanaowaficha. Tupe orodha.

Tarehe 9 Julai 1951 akapanda kizimbani. Ana miaka 57, mrefu, mwembamba kama ufito, nywele nyeupe. Maswali yalikuwa mepesi mno: nani walichanga, vitabu vya hesabu viko wapi. Akawa anajibu kwa kutumia Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayompa mtu haki ya kutojitia hatiani, mara baada ya mara. Walipomwonyesha kumbukumbu za vikao zikiwa na herufi mbili za mwanzo za jina lake, alikataa kutambua hata hizo. Jaji Sylvester Ryan akasema kinga hiyo haimhusu mdhamini wa mfuko wa watu wengi, akampa miezi sita kwa kudharau mahakama. Alitumikia mitano. Sehemu kubwa alikaa Ashland, Kentucky, na kazi aliyopangiwa ilikuwa kusafisha vyoo.

Lillian Hellman, mwandishi wa tamthilia aliyeishi naye kwa miaka mingi, aliandika baadaye kwamba Hammett hakumjua hata mchangiaji mmoja na wala hakuwahi kukanyaga ofisi za mfuko ule. Alimuuliza: mbona usiseme tu kwamba hujui? Jibu lilikuwa kwamba hawezi, na sababu ilihusu mtu kutimiza ahadi yake. Hellman alikuwa na mkono mwepesi kwenye kumbukumbu zake, wasomi wengi wamemsuta kwa hilo, kwa hiyo pokea kwa tahadhari. Ila kama ni kweli, basi mtu alikwenda jela kuyalinda majina asiyoyajua.

Hapa ndipo mambo mawili uliyoyaona yakiwa mbalimbali yanapokutana. Boriti haikumuuliza Flitcraft kitu. Chumba cha mahakama kiliuliza, na vivyo hivyo kamati ya bunge kule Washington, iliyokuwa inawahoji watu kuhusu ukomunisti. Ajali haina kinga, lakini ajali ile ya Washington ilikuja na kinga yake mfukoni: taja wenzako, uende nyumbani. Ndiyo tofauti kati ya hofu ya Crane na hofu ya 1951, na ndiyo maana ya pili ilivunja watu kwa namna ambayo bahari haiwezi. Aliyezama hakuchagua kuzama. Aliyetaja alichagua, na asiyetaja naye alichagua, na wote wawili walirudi nyumbani kwa wake na watoto waliokuwa wanataka kula.

Cha ajabu ni kwamba mara nyingi majina yalikuwa yanajulikana tayari. FBI ilikuwa na watu wake ndani ya chama miaka mingi, na waliofika mbele ya kamati walitaja watu ambao tayari walikuwa wameshatajwa na wengine. Kilichotakiwa kilikuwa tendo la kutaja, hadharani, mbele ya kamera. Mwigizaji Larry Parks, aliyekuwa ameng'ara mwaka 1946, alifika mbele ya kamati ya bunge Machi 1951 na kukubali kila kitu kumhusu yeye mwenyewe. Nilikuwa mwanachama, nikatoka, niulizeni. Akaomba jambo moja tu, wasimlazimishe atambae kwenye matope kwa kuwachongea wengine. Wakamlazimisha, faraghani. Akawataja. Na kazi yake ya uigizaji bado ikafa, kwa kuwa studio hazikumtaka mkomunisti wa zamani na rafiki zake hawakumtaka mchongezi.

Kwa nini hakuweza kujisemea mwenyewe na kunyamaza kuhusu wengine? Hapo kulikuwa na mtego wa kisheria ambao vitabu vingi huuruka. Mapema mwaka ule Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kesi ya mwanamke mmoja wa Denver, aliyekuwa mtunza hazina wa chama mjini kwao. Alikiri cheo chake, kisha akakataa kusema alimkabidhi nani vitabu. Mahakama ikasema: ukishafungua mdomo kuhusu nafsi yako, haki ya kunyamaza umeiachia mwenyewe. Kwa hiyo ama unyamaze kwa kila swali na uonekane una hatia, au useme lolote na ulazimike kusema yote. Hellman alipoitwa Mei 1952 aliiandikia kamati barua akiomba njia ya katikati: nitasema yangu, ya watu msiniulize, siwezi kuikata dhamira yangu kama nguo ili ifuate mshono wa mwaka huu. Ombi likakataliwa. Akanyamaza kwa Marekebisho ya Tano, hakufungwa, ila sinema zilikuwa zimeshamfungia milango.

Wa kwanza, wale waandishi na watengenezaji filamu kumi wa Hollywood walioitwa mbele ya kamati Oktoba 1947, hawakuitumia kinga hiyo. Walidai uhuru wa mawazo, kwamba bunge halina haki ya kuuliza mtu ni mfuasi wa chama gani. Walishindwa, na mwaka 1950 wakaenda jela, wengi wao mwaka mmoja mmoja. Ring Lardner Mdogo, aliyeiambia kamati kwamba swali lao angeweza kulijibu ila asubuhi yake angejichukia, alipelekwa gereza la Danbury, Connecticut. Huko akamkuta mzee anayetunza kuku wa gereza: J. Parnell Thomas, mwenyekiti yuleyule wa kamati iliyomhoji, amefungwa kwa kujilipa mishahara ya wafanyakazi hewa. Mwandishi wa riwaya angeandika hivyo mhariri angemrudishia.

Na Dalton Trumbo, mwandishi wa filamu na mmoja wa wale kumi, aliokoka kwa namna ya Flitcraft, kwa kubadili jina. Alipotoka jela akawa anaandika filamu kwa majina ya watu wengine na ya watu wasiokuwepo, kwa bei ya kutupa, usiku na mchana. Mwaka 1957 tuzo ya Oscar ya hadithi bora ya filamu ikatangazwa kwa "Robert Rich". Hakuna aliyesimama. Ofisa mmoja wa chama cha waandishi akapanda kuipokea akieleza kwamba bwana Rich yuko hospitali, mkewe anakaribia kujifungua. Mwandishi aitwaye Robert Rich hakuwahi kuwepo, seuze mtoto wake. Jina la Trumbo lilirudi kwenye skrini mwaka 1960.

Arthur Miller ndiye aliyeutoa mtego huu kwenye karatasi waziwazi. Tamthilia yake The Crucible ilianza kuonyeshwa New York Januari 1953, nayo inahusu mji wa Salem mwaka 1692, watu 19 waliponyongwa kwa tuhuma za uchawi. Jambo la kihistoria alilolidaka ni hili: waliokiri kwamba ni wachawi hawakunyongwa. Walionyongwa ni waliosema si wachawi. Kukiri, na kuwataja uliowaona na shetani, ndiko kulikookoa shingo. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa sana hapo. Anajua kijiji kinavyokuwa siku mganga wa kufichua wachawi anapofika. Miller mwenyewe aliitwa mwaka 1956, akakataa kutaja, akatiwa hatiani 1957, rufaa ikamsafisha 1958. Rafiki yake Elia Kazan, mwongozaji wa tamthilia zake za mwanzo, alikuwa ameshawataja wanane mwaka 1952 na akaendelea kutengeneza filamu nzuri sana. Nasema nzuri sana kwa makusudi. Ingekuwa rahisi kama wachongezi wote wangekuwa wasanii wabovu.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa lakini. Hofu ya Wamarekani haikuwa ndoto tupu. Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyefanya kazi kwenye bomu la atomiki, alikiri mwaka 1950 kwamba aliwapa Wasovieti siri zake. Simu za maandishi za Kisovieti zilizofumbuliwa, zile za mradi wa Venona, zimethibitisha kwamba majasusi walikuwepo, na wengine walitoka ndani ya chama. Na chama chenyewe hakikuwa mwanakondoo. Mwaka 1941 Sheria ya Smith ilipotumika kwa mara ya kwanza kuwafunga wafuasi wa Trotsky, kundi pinzani la wakomunisti, huko Minneapolis, wakomunisti hawa hawa walishangilia. Miaka minane baadaye fimbo ileile ikawageukia. Hammett naye, mwaka 1938, aliweka saini kwenye tamko la kuunga mkono hukumu za kesi za Moscow, ambako watu walikuwa wanakiri makosa wasiyoyafanya na kutaja wenzao, kisha wanapigwa risasi hata hivyo. Yule aliyekataa kutaja herufi mbili za jina lake mwenyewe alikuwa ameusifu mtambo mkubwa zaidi wa kutajisha majina duniani. Sijui mtu anafanya nini na jambo kama hilo zaidi ya kuliweka pale lilipo.

Upande wa pili wa hofu nao ulikuwa na riwaya zake, na ziliuza kuliko hizi zote. Mwaka uleule wa 1951 Mickey Spillane alitoa kitabu ambamo mpelelezi wake, Mike Hammer, anawamaliza wakomunisti kwa bunduki ya rashasha na kufurahia. Hammer ni Spade aliyenyang'anywa shaka. Hakuna boriti katika dunia yake. Kila kinachoanguka kimesukumwa na mtu, na mtu huyo anaweza kupigwa risasi. Naona ndiyo maana vilisomwa na mamilioni. Kuamini kwamba kuna adui nyuma ya kila jambo kunachosha, lakini kunafariji kuliko kuamini kwamba hakuna.

Kuna uzi mmoja unaofika Afrika, nao hupitwa kila mara habari hii inaposimuliwa. Hammett hakufungwa peke yake. Miongoni mwa wadhamini wenzake wa mfuko waliokataa kutoa majina na kwenda jela kiangazi kile alikuwamo Alphaeus Hunton, msomi mweusi aliyeendesha Council on African Affairs, baraza la mambo ya Afrika, pamoja na mwimbaji Paul Robeson na mwanazuoni W.E.B. Du Bois. Baraza hilo lilikuwa linawaeleza Wamarekani habari za ukoloni barani humu, na Kenya ilipowekwa chini ya hali ya hatari lilichangisha na kupiga kelele kwa ajili yake. Robeson, ambaye alijifunza Kiswahili London miaka ya 1930, alikuwa amenyang'anywa pasipoti tangu 1950. Kufikia 1955 baraza lilikuwa limebanwa hadi likajifunga lenyewe. Hunton alihamia Afrika, akafanya kazi Ghana, akafia Lusaka mwaka 1970. Ukisoma kwamba msako ule uliwahusu watunzi wa filamu, kumbuka pia kwamba ulizima mojawapo ya sauti chache zilizokuwa zinaitetea Kenya katika miji ya Marekani.

Hammett alipotoka jela Desemba 1951 hakukuta kitu. Vipindi vya redio vilivyokuwa vinamlipa kwa kutumia wahusika wake vilikuwa vimefutwa, na mamlaka ya kodi ilikuwa inamdai zaidi ya dola 100,000, ikichukua kila senti iliyoingia. Machi 1953 Seneta McCarthy, kinara wa msako wa wakomunisti, akamwita kuhusu vitabu vyake kuwekwa kwenye maktaba za serikali ya Marekani nchi za nje. Aliulizwa: wewe ungekuwa unapigana na ukomunisti, ungenunua vitabu vya wakomunisti? Akajibu kwamba kama angekuwa anapigana na ukomunisti, hadhani angewapa watu vitabu vya aina yoyote ile. Ni jibu la Spade kabisa, la mtu anayekwenda kunyongwa huku anarekebisha kola.

Alifariki Januari 1961. Riwaya ya mwisho aliyoikamilisha ilikuwa ya 1934, kwa hiyo usiseme jela ndiyo iliyomnyamazisha. Kalamu ilikuwa imekauka zamani. Amezikwa makaburi ya kijeshi ya Arlington, kwa kuwa alitumikia vita vyote viwili vya dunia, vya pili akijiandikisha kama askari wa kawaida akiwa na miaka 48 na mapafu yaliyowahi kuliwa na kifua kikuu. Walimpeleka Adak, kisiwa cha baridi huko Alaska, akawa mhariri wa gazeti la kambi.

Ukirudia kitabu, soma sura ya 7 penye Flitcraft, halafu nenda moja kwa moja sura ya 18 penye kafara, bila kusoma za katikati. Filamu ya 1941 usiitegemee kwa jambo hili, kisa cha boriti kimekatwa. Na mwangalie Brigid anavyokipokea. Anasema kinavutia sana, kisha papo hapo anamsogelea Spade na kuanza kumsihi amwamini. Amesimuliwa jinsi mambo yanavyoweza kumdondokea mtu, na aliyemsimulia ndiye atakayemkabidhi kwa polisi mwishoni mwa kitabu.